Nyumba Sita za Chokaa

Naapa kwa kidole hiki ambacho hakipo, kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia, alichoking'oa fisi nikiwa kijana nalinda mbuzi wa baba, kwamba yote nitakayosimulia ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata punje. Anayebisha aje Singida, ashuke stendi, aulize Safu ya Alizeti iko wapi. Ataonyeshwa nyumba sita zilizojaa makovu ya kukwanguliwa, na mahali pa nyumba ya saba ataona turubai la bluu. Mwenye turubai ni mimi, Mzee Kijanga.

Nyumba zetu zilikuwa zinapumua. Najua unacheka. Cheka, kisha endelea kusoma.

Miaka ile hakuna mtu wa kawaida aliyeweza kujenga. Saruji ilikuwa imewekewa sheria kali kwa sababu ya moshi wake, na tofali la kuchoma lilikuwa kosa la kukupeleka ndani. Ndipo ukaja mfuko wa fedha za kusafisha hewa, sisi tuliuita Mfuko tu, na matofali yake hai. Udongo, mchanga, na ndani yake kiumbe fulani mdogo wa jamii ya ukungu, rangi ya kijivu, anayekula hewa ya ukaa na kuigeuza jiwe. Kadiri anavyokula, ndivyo ukuta unavyokaza. Mfuko ulitujengea nyumba saba zilizoshikana, na hatukudaiwa shilingi. Tulidaiwa pumzi. Kila nyumba imeze kiasi chake cha hewa chafu kila msimu, kwa miaka thelathini, na mwisho wake nyumba ni yako.

Kwenye ukuta wa sebule kulikuwa na jicho, dogo kama kizibo cha soda. Kijani, ukuta unakula. Njano, unasuasua. Jeusi, umekufa. Na hapo ndipo palipokuwa na mtego: cheti kilikuwa kimoja kwa safu nzima. Tulidhaminiana kama wanakikundi wa mikopo. Nyumba moja ikifa, safu yote inarudi kwa Mfuko. Zinakuja mashine zinazotafuna kuta kama mchwa, tofali linapelekwa kwa watu wengine, maana foleni ya wanaosubiri ilifika hadi Manyoni na kupita.

Nyuma ya kila mlango palibandikwa karatasi: usipake, usipigilie msumari, usifunike.

*

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Siwema, mjane, mpika maandazi. Kabla ya Safu ya Alizeti alikuwa amehamishwa vyumba vya kupanga mara sita, na mara ya sita alihama na jiko likiwa bado la moto. Binti yake Siwema alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Mtoto wa kiume, mnene, ana siku tano.

"Hodi kwa mzee."

"Karibu, mama. Mzazi hajambo?"

"Hajambo. Mimi ndiye nina jambo." Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kukopa. "Wakwe wanakuja Jumamosi kumwona mtoto. Wanatoka Kondoa, watu wa nyumba za vigae. Nimeutazama ukuta wangu leo, nikaona haya. Una mabaka kama mgongo wa kenge."

"Ndivyo ulivyo ukuta hai."

"Wao watajua? Watasema mjukuu wao kalazwa kwenye ukungu." Akashusha sauti. "Mzee, wewe umejenga dunia nzima. Chokaa itaudhuru?"

Hapa naomba usimame kidogo, maana hapa ndipo nilipouawa na ulimi wangu. Mimi sijajenga dunia nzima. Nimekuwa fundi wa malori, nikajifunza uashi kwa kuchungulia wenzangu, na elimu yangu ni ya darasa la saba na magazeti ya kufungia nyama. Jibu sahihi lilikuwa neno moja fupi. Lakini mama wa watu alinitazama kama daktari, na mimi tangu utoto sijaweza kumvumilia mtu anayesubiri jibu halafu akose.

"Chokaa?" nikasema. "Chokaa ni jiwe lililoungua. Ukuta huu unatengeneza jiwe. Ukiupaka chokaa umeupa maziwa ya mama yake."

"Kweli?"

"Nilifanya hivyo Tabora, nyumba ya askofu."

Sijawahi kukanyaga kwa askofu yeyote. Chokaa nilikuwa nayo, mifuko minne iliyokaa uani tangu nilipostaafu. Ijumaa nikapaka mwenyewe kwa brashi ya katani, kuta zote za ndani, na kama kawaida yangu, kila pembe nikailainisha kwa kiganja. Jumamosi nyumba iling'aa kama yai. Wakwe wakala, wakasifu, wakaondoka.

Na jicho, bwana, likawa kijani ambacho hatujawahi kukiona.

*

Niliielewa sababu baadaye, tena kwa kusomewa. Chokaa mbichi inapokauka, nayo inavuta hewa ya ukaa ili irudi kuwa jiwe. Jicho linapima hewa iliyopungua chumbani. Haliulizi nani kaila. Kwa hiyo siku zile kumi za mwanzo chokaa ilikula, jicho likafurahi, na yule kiumbe nyuma yake alikuwa anaungua kwa ukali wa chokaa, kimya kimya, kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba inayoteketea huku majirani wakisifia mwanga.

Lakini wakati ule tuliona kijani tu. Mwenyekiti wetu wa safu, Bwana Nkuwi, mtu mzito asiyekurupuka, alikuja kulitazama jicho la Mama Siwema akiwa amefunga mikono mgongoni.

"Mzee Kijanga, ulikuwa unatuficha maarifa haya kwa nini?"

"Hamkuniuliza."

"Ukaguzi ni mwezi ujao. Nipakie na mimi."

Ndani ya wiki moja nilikuwa nimemaliza nyumba sita, ya Mama Siwema ikiwemo. Ujira ulikuwa kuku mmoja kwa kila nyumba, na kuku wa Singida unawajua. Nyumba ya saba ilikuwa yetu, na pale nilikutana na mke wangu, Anjelina, amesimama mlangoni na mwiko.

"Karatasi imesema usifunike."

"Mama Yusta, tazama macho ya wenzako yalivyo kijani."

"Nimeyatazama. Mtu akinenepa ghafla hivyo, namwuliza anakula nini." Akaipokonya brashi mkononi mwangu. "Na wewe, Baba Yusta, umesomea wapi?"

Nilimwambia wivu utamzeesha. Tukala kuku.

*

Siku ya kumi na tatu tangu nipake, jicho la Mama Siwema likawa njano. Siku ya kumi na tano, la Nkuwi. Nilizunguka nikigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Tofali hai hugongeka kama kibuyu kilichokomaa. Haya yalijibu kama andazi la juzi.

Nikajua. Naomba iandikwe hivyo: siku ile ya kumi na tano nilijua.

Ningesema siku hiyo, pengine matofali ya ndani yangeokolewa. Badala yake niliwakusanya wenzangu uani na kuwaambia kuta zimezoea utamu, zinataka chokaa nyingine. Nikapaka mkono wa pili. Macho yakarudi kijani. Baada ya siku chache yakafifia, nikapaka wa tatu. Kila mkono ulinunua siku chache zaidi na kuua kina zaidi. Usiku nilikuwa nalala mgongo kwenye ukuta wetu, ule mchafu wenye mabaka, naliona jicho lake la kijani cha unyonge likiniangalia, kijani halisi, na usingizi haukuja.

Siku ya thelathini na sita ya mtoto, Mama Siwema aliniita ndani. Nilikuta Siwema amekaa kitandani ananyonyesha. Kitanda kilikuwa kimeegemezwa ukuta wa nyuma, ule unaobeba kenchi ya paa.

"Mzee, huu unga ni wa nini?"

Juu ya neti ya mtoto kulikuwa na vumbi jeupe, laini, limejikusanya kwenye mikunjo. Nikabonyeza ukuta kwa kidole cha kati. Kidole kilizama hadi kifundo cha pili, kama nimechovya kwenye ugali. Nikakitoa taratibu na kusimama mbele ya lile tundu.

"Chokaa inapumua," nikasema.

Siwema akacheka kidogo. "Mwanangu atakuwa mweupe kuliko baba yake."

Nilitoka nikiwa sioni njia.

*

Anjelina alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia yote, kuanzia kwa askofu wa Tabora. Hakunikatiza. Aliendelea kutupa chuya chini, moja moja, mpaka nilipomaliza.

"Mkaguzi anakuja lini?"

"Kesho."

"Utamwambia."

"Nikimwambia, mashine zinakuja. Nyumba saba, mke wangu. Nkuwi ana mama mgonjwa. Mama Siwema atahama mara ya saba, safari hii na kichanga. Na sisi tutakwenda wapi, kwa umri huu?"

"Usipomwambia, ukuta unakuja."

Mbingu upande wa mashariki ilikuwa imeiva. Mvua za kwanza zilishanyesha Ikungi. Upepo ulileta harufu yake. Ukuta mkavu uliokufa husimama kwa mazoea tu. Ukilowa, hausimami.

Nikajaribu njia yangu ya kila siku. Nikaenda kwa Mama Siwema na kumwambia nimeona nyoka akiingia darini kwake, koboko mweusi, urefu wa kamba ya kisima, kwa hiyo mzazi na mtoto wahamie kwangu mara moja.

"Darini hakuna pa kuingilia nyoka," akasema huku anakanda unga. "Halafu mzazi wangu hatoki nje kabla ya arobaini. Zimebaki siku nne. Akishanyolewa mtoto, tutakuja hata kulala kwako."

"Mama, nakuomba."

"Mzee, mbona umetoka jasho hivyo? Huyo nyoka wako atasubiri. Chukua andazi."

Nikachukua andazi. Miaka sitini na minane nimesema uongo ukaaminiwa. Siku niliyohitaji mtu mmoja tu aniamini, nilirudi na andazi.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, Bi. Ntandu, mtoto wa hapo hapo Singida, viatu vya vumbi, kifaa cha kupimia begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Nikamwinamia nikiwa nimeweka mkono wa kulia ndani ya koti. Mkono aliokuwa ameunyoosha ukabaki hewani, akaurudisha.

Akapita nyumba kwa nyumba, sisi nyuma yake kama wafiwa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimepaka mkono wa nne. Kijani. Kijani. Kijani. Nyumba sita, kifaa kilisoma juu ya kiwango. Kufika kwetu, kikapiga kengele.

"Hii ndiyo inayosuasua," akasema. "Bado inafaulu, lakini kwa shida." Akatazama yale mabaka, akagonga kwa kifundo. Kibuyu. Akagonga tena, kama aliyesikia sauti ya mtu anayemfahamu.

"Sasa nyie hizo nyingine mmezifanyaje zikawa nyeupe?"

"Vumbi la barabarani," akasema Nkuwi, mtu ambaye hajawahi kusema uongo, na ulimtoka vibaya.

"Vumbi."

"La upande huu ni jeupe."

Mkaguzi akaketi barazani kwa Mama Siwema, akatoa karatasi ya cheti, miaka mitano mingine, na muhuri. Mbali kidogo radi ikanguruma. Nikaomba, sijui niseme nini, nikaomba apige muhuri, na papo hapo nikaomba asipige.

"Kabla sijasahau," akasema, "naambiwa humu kuna mzazi. Nimsalimie."

Akaingia, akanawa mikono, akampokea mtoto. Akamsifu pua. Alipokuwa anamrudisha kwa mama yake, macho yake yakatua kwenye pembe ya ukuta, juu kidogo ya neti. Akasogea. Akaweka kiganja chake pale, akakiondoa, akatazama. Akatoka chumbani, akaenda pembe ya sebule. Akaenda kwa Nkuwi. Tukamsubiri. Tone la kwanza la mvua likapiga bati.

Aliporudi alisema taratibu sana.

"Vumbi lenu lina mkono. Mkono wa kulia. Gumba, halafu pengo, halafu vidole vitatu. Kila pembe, nyumba sita."

Hakuna aliyenitazama. Hiyo ndiyo iliyonivunja. Watu kumi na wawili walitazama dari, viatu, mlima, mpaka mama mgonjwa wa Nkuwi kwenye kiti chake alifumba macho. Walikuwa wananificha. Walidhani wananilinda mimi na wanajilinda wenyewe, maana, ukiacha Anjelina, hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba kuta zimekufa.

Bi. Ntandu akaja mpaka mbele yangu.

"Baba, mimi najua kazi yangu. Nikiandika ninachokishuku, Jumatatu mashine ziko hapa, na kuna familia Manyoni zitashukuru Mungu. Nisipoandika, napiga muhuri wangu juu ya kitanda cha yule mtoto. Kifaa changu kinasema kuta ziko hai. Sina cha kukibishia isipokuwa mkono wako." Akashusha pumzi. "Nakuuliza wewe tu. Ukuta ule uko hai?"

Nikawaona wote sasa wananitazama. Mama Siwema alikuwa ananitikisia kichwa kidogo, *sema ndiyo, mzee, wewe hujawahi kukosa la kusema*. Na ndiyo ilikuwa pale, mdomoni, laini, imeshavaa viatu. Nyumba saba kwa neno moja.

Nikatoa mkono kwenye koti.

"Umekufa," nikasema. "Zote sita. Nimeziua mimi. Mtoeni mtoto."

Mama Siwema hakusogea. "Arobaini bado," akasema, kama mtu anayeota.

Anjelina ndiye aliyeingia. Hakubishana na mtu. Alitoka na kichanga kifuani, kanga juu yake, na Siwema nyuma akiwa pekupeku, akiwa analia kwamba amevunja mwiko. Mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Ukuta ule haukuanguka kwa kishindo. Tulikuwa tumesimama ndani kwetu, tumebanana kama magunia, tukausikia ukikaa chini, taratibu, kama mzee aliyechoka kusimama. Kenchi ikafuata. Mvua ilipopungua tukaenda kutazama; kuta nyingine zilikuwa bado zimesimama. Neti ilikuwa chini ya rundo la uji mweupe, na mguu mmoja wa kitanda ukichungulia.

Mama Siwema alitazama muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo nyoka alikuwepo," akasema. Hakusema lingine nami kwa zaidi ya mwezi.

*

Kuna kifungu katika sheria ya Mfuko ambacho hakijawahi kutumika. Safu iliyokufa inaweza kubaki na cheti chake kwa siku tisini, ikiwa ndani yake imebaki nyumba hai, na mwenye nyumba hiyo akakubali ivunjwe. Matofali yake yanasagwa, yanakorogwa na maji, uji ule unapakwa kwenye kuta zilizokwanguliwa. Mbegu ya yule kiumbe inaweza kushika. Inaweza isishike.

Bi. Ntandu alitusomea mara mbili, barazani kwetu.

"Mwenye nyumba ni wewe, baba?"

Nikafungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Anjelina. Na ilikuwa kweli. Siku ya kuandikishana mimi nilikuwa stendi nawasimulia watu habari za fisi.

Nataka ujue alichokuwa anatoa. Nyumba moja tu katika safu haikuguswa na mikono yangu, na ilikuwa hai kwa sababu yeye alisimama mlangoni na mwiko. Alipapasa ukuta wake kwa nyuma ya mkono, kama anavyopapasa paji la mtoto mwenye homa.

"Andika nimekubali," akasema. "Lakini atakwangua yeye. Nyumba zote sita. Asisaidiwe na mtu."

Bi. Ntandu akaandika. Kisha akafika sehemu ya aliyesababisha hasara: jina, umri, alama ya mwilini.

"Kidole hiki kilipotea vipi?"

"Fisi," nikasema. "Nikiwa kijana, nalinda mbuzi wa..."

"Andika feni ya lori," akasema Anjelina. "Alimwambia mwenzake injini imezimwa. Mwenzake akabisha. Huyu akaingiza kidole kumwonyesha."

Kalamu ikasimama, macho ya mkaguzi yakanijia. Nikatikisa kichwa kukubali. Ikaandikwa feni.

Kwa hiyo pale mwanzo nilipoapa kwa kidole cha fisi, futa fisi. Mengine yaache yalivyo.

Nyumba yetu ilisagwa kwa siku mbili. Sasa tunakaa chini ya turubai, na mimi naamka na msasa na kisu butu, nakwangua chokaa yangu mwenyewe, mikono minne, tabaka kwa tabaka. Kuku sita pia nimetakiwa kuwarudisha. Nimerudisha wanne. Vidole tisa vimebaki bila kucha nzima hata moja. Nikimaliza ukuta, Anjelina anakuja na ndoo ya uji wa nyumba yake, anapaka mwenyewe, hataki nishike brashi.

Jana nilikuwa kwa Mama Siwema, kwenye pembe ya sebule iliyosalia, nimefikia ile alama ya kiganja. Nilikuwa nimeiacha ya mwisho. Yeye alikuwa mlangoni na mjukuu mgongoni, anatazama jicho la ukuta. Jeusi, kama lilivyokuwa kwa siku arobaini na moja.

"Mzee," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza. "Litafunguka?"

Alinitazama vile vile kama siku ile ya kwanza, mtu anayesubiri jibu. Na jibu nilikuwa nalo, zuri, lenye askofu ndani yake.

"Sijui, mama," nikasema.

Akasimama kidogo, kama aliyesikia sauti ngeni humo chumbani. Kisha akavuta kigoda, akaketi nyuma yangu, na mimi nikaweka kisu kwenye gumba la ile alama, nikaanza kukwangua.